Marinda ya Mkono wa Kushoto

Mariette alikuwa amechoka kumpenda Emery. Mapenzi hayakuwa yamepungua, la hasha! Yalikuwa yamemjaa mpaka shingoni, na hayo ndiyo yaliyomchosha. Miaka miwili walikuwa wakishonea baraza moja pale Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, meza ya kukatia katikati, cherehani ya Mariette upande huu, cherehani ya Emery upande ule, uso kwa uso asubuhi hadi jioni, na mwanaume yule hajatamka neno la maana. Husema, "Mariette, leta mukasi." Husema, "Mariette, mvua iko inakuja." Siku akichangamka kupita kiasi husema, "Mariette, leo umesuka." Haya, amesuka, halafu? Halafu hakuna! Anainamisha kichwa, anakanyaga cherehani, trrrrr, kama mtu aliyetoka kuhutubia mkutano.

Na wala si kwamba hampendi. Soko zima lilijua. Muuza mkaa alijua, wauza mihogo walijua. Emery akimtazama Mariette hujichoma sindano, na vidole vyake vilikuwa na matundu kama chekecheo. Lakini kusema, wapi!

"Huyu fundi yako iko na ulimi," Mama Bernardine, mama yake Mariette, alimuuliza kila jioni nyumbani kwao Kashojwa, "ao balimushona kinywa?"

"Iko nao, mama. Minauonaka akiwa anakula."

Alichotaka Mariette kilikuwa kimoja tu. Alitaka kuposwa, na aposwe na Emery, watu waje mlangoni na kreti yao ya soda, waulize na waulizwe mbele ya wajomba, kama inavyopaswa. Alitaka hivyo kabla hajafikia umri wa kuitwa tantine, yaani shangazi, na kila anayepita njiani.

Basi siku ya soko akatokea Kobusingye. Huyu alikuwa mke wa Sajenti Nasani wa kambi ya jeshi kule Mbarara, mama mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kilima cha pili, na alikuja Nakivale kununua samaki wa ziwani. Samaki akawasahau mara alipoona nguo zinaning'inia barazani.

"Nyinyi mafundi," akasema, "marinda mnajua?"

"Tunajua, mama," akajibu Mariette.

"Mimi sitaki hii sketi ya kubana mtu mpaka anatembea kama bata. Mimi nataka ile mtu anazunguka, fuuu! Inafunguka yote!" Akazunguka kuwaonyesha, nyonga ikagonga pasi ya mkaa, makaa yakamwagika, Emery akayakanyaga kwa ndala na kuruka ruka kwa mguu mmoja. Kobusingye hata hakuona. "Mtoto yangu Annah anaolewa. Wanawake nane ya kambi watacheza mbele yake akiingia. Wakizunguka, sketi zote zifunguke pamoja. Pamoja! Watu ya bwana harusi wanatoka Kampala, wanafikiri sisi ya huku hatujui kitu. Nataka wafunge mdomo, nyabo."

Akawaachia furushi la kitenge cha bluu chenye maua ya manjano, akaenda zake kwa samaki. Mariette alikumbatia lile furushi kama mtoto mchanga. Marinda! Kazi gani nyingine duniani inapita hiyo?

Sketi ya kawaida ni kazi ya kulisha mtu, lakini marinda ni kazi ya kufurahisha roho. Kwanza yanakula kitambaa bila huruma: kiuno kimoja, kitambaa cha viuno vitatu, maana kila rinda lina sehemu moja inayoonekana na sehemu mbili zilizojificha chini yake. Unachora mistari kwa chaki, unashika mstari huu unaulaza juu ya ule, unabana kwa pini, unakwenda kwa mwenzake. Ukimaliza unapiga bandi, ule mshono mrefu wa muda wa kuyashikilia, halafu unatandika kitambaa chenye unyevu na kupiga pasi mpaka mvuke ukufumbe macho. Mariette alikuwa akiimba akifanya haya. Mkono wake wa kulia ulivuta na kulaza, ulivuta na kulaza, marinda yakilala yote upande mmoja, yamepangana vizuri kama wanakwaya.

Waligawana sketi nusu kwa nusu. Emery alikuwa na mkono mwepesi kuliko wake, lazima tukubali, ila ulikuwa mkono wa kushoto. Mariette alikuwa akiinua macho kila mara kumkagua. Sawa, hakuwa akikagua kazi peke yake. Alikuwa anakagua na shingo, na zile nyusi, na jinsi anavyobana pini midomoni akiwaza. Lakini na kazi pia aliiangalia! Marinda ya Emery yalilala pale mezani upande uleule yalikolala ya kwake. Akaridhika, akaendelea kuimba.

Pasi ilikuwa moja, na hiyo ilileta mambo. Mariette akiinyoosha kwa Emery, Emery anaipokea polepole mno, vidole vinagusana, wote wawili wanasimama pale wakishika mpini mmoja kama waliopewa kikombe cha mashindano. Mara moja walikaa hivyo mpaka mteja akakohoa. Emery akafungua kinywa. Mariette akaacha kupumua. Emery akasema, "Mukaa unaisha." Jamani!

Siku moja kabla ya harusi walipanda gari kwenda Mbarara na sketi zao zimekunjwa ndani ya magunia safi, bandi bado zimeyashika marinda yasivurugike njiani. Pale kambini, kwenye majani mbele ya ukumbi, wanawake wanane walikuwa wanangoja. Walizivaa huku wakipiga vigelegele. Mariette akapita nyuma yao na kimkasi, akikata bandi moja baada ya nyingine, moyo ukimpiga kwa furaha. Mtu akawasha muziki kwenye spika.

"Haya!" Kobusingye akapaza sauti. "Zunguka!"

Wakazunguka kulia. Sketi nne zikafunguka, fuuu, pana, tamu, maua ya manjano yakiruka hewani. Nne nyingine zikajifunga miguuni tii, zikawabana wenyewe, na mama mmoja akaenda chini kwa makalio.

"Tena! Upande ile ingine!"

Wakazunguka kushoto. Sasa zile zilizofunga zikafunguka, na zile zilizofunguka zikafunga, na mama mwingine akaenda chini.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kobusingye hakucheka. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, uso umeanza kubadilika rangi. Mariette alipiga magoti kwenye majani, akatazama wale wanawake waliosimama wote wakielekea upande mmoja. Sketi nne, marinda yake yalielekea kulia. Sketi nne, yalielekea kushoto.

"Emery," akaita kwa sauti ndogo iliyomtisha hata yeye. "Weye unakunjaka na mukono gani?"

"Ya kushoto."

Mungu wangu! Ukikaa uso kwa uso na mtu, mkono wake wa kushoto uko upande wa mkono wako wa kulia. Kila rinda Emery alilolilaza kushoto kwake, Mariette aliliona limelala kulia kwake, sawasawa na yake. Pale mezani kila kitu kilikuwa sawa. Lakini sketi haivaliwi mezani; ikishavaliwa, kushoto kwa Emery hubaki kushoto, na kulia kwa Mariette hubaki kulia.

"Na weye hukuona?" akamuuliza.

Emery akaangalia ndala zake. "Niliona."

"Lini?"

"Ku jipe ya pili." Sketi ya pili, kati ya nne!

Hapo ndipo Mariette alipolipuka. Harusi kesho, watu wa Kampala njiani, na huyu aliona! "Uliona ku jipe ya pili na ukanyamaza? Ukashona ya tatu, ukashona ya ine, kimya? Ile kinywa Mungu alikupatia ni ya kazi gani, Emery? Ya kukamatia pini?"

"Mariette..."

"Usiniite Mariette! Unaniitaka Mariette miaka mbili, Mariette mukasi, Mariette mvua, Mariette mukaa! Ulinyamaza ju ya nini?"

"Ju kama ningesema, ungegeuza meza."

"Nini?"

"Ungegeuza meza tukae wote upande moja, ili marinda ilale moja." Sauti ya Emery ilitoka kama maji ya bomba lililoziba siku nyingi. "Halafu miye ningeangalia nini siku yote? Ukuta? Miye ninaangaliaka weye. Sina kazi ingine. Ile kushona ni ya kupitisha wakati tu."

Wanawake wanane wakaacha kucheka. Aliyekuwa bado chini akabaki chini.

"Banange," Kobusingye akasema, hasira zimemtoka zote kwa mpigo. "Wewe kijana. Miaka mbili unajua hii maneno, kwa nini hukuenda kwao kuposa?"

"Mama, nitamutuma nani? Ndugu zangu bote balibakia Kongo, Kalehe. Mutu haendake kujiombea mwenyewe, ni haya. Na mu kanisa yetu bazee bote ni bajomba ya Mariette. Nimutume mujomba yake aende kumuomba kwake mwenyewe? Atajibizana na nani?"

Hilo lilikuwa kweli, na Mariette hakuwahi kulifikiria. Mzee wa kanisa Modeste, mjomba. Mzee Pontien, mjomba. Hata mpiga ngoma alikuwa mjomba. Alijifunika uso kwa gunia la sketi, na ndani ya gunia lile, lililonuka mvuke na kitenge kipya, akacheka na kulia kwa pamoja, hajui lipi limetangulia.

Ndipo akaja Sajenti Nasani. Alikuwa anahesabisha viti ukumbini, akasikia kelele, akatoka, mwanaume mrefu mkavu asiyependa mambo mengi. Akasikiliza kesi yote. Akawaangalia wanawake, akazunguka nyuma yao kama anayekagua gwaride, akainama kutazama marinda.

"Hizi sketi hazina makosa," akatangaza. "Makosa ni ya kikosi. Kikosi haijapangwa."

Akawatenga. Wenye marinda ya Mariette mstari huu, wenye marinda ya Emery mstari ule. "Mguu sawa! Mstari ya kwanza, kulia! Mstari ya pili, kushoto! Mkisikia ngoma... geuka!" Wake za askari wanazijua amri hizo tangu siku walipoolewa, huzisikia dirishani kila asubuhi wakichemsha chai. Wakageuka. Fuuu! Sketi zote zikafunguka kwa pamoja, mstari mmoja ukizungukia huku, mwingine kule, na Kobusingye akaruka juu akapiga makofi, akamkumbatia mumewe mbele ya askari wadogo mpaka kofia yake ikaanguka.

Na harusi? Harusi ilikwenda vizuri mpaka ikapitiliza. Annah aliingia katikati ya ile mistari miwili akicheka badala ya kulia kama alivyofundishwa, watu wa Kampala wakasimama juu ya viti kupiga picha, na shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza mara nne fundi ni nani. Mariette aliyaona yote akiwa amesimama karibu na masufuria ya pilau, Emery kando yake. Alingoja. Sasa amekwisha kusema mbele ya kambi nzima, sasa ataendelea. Emery akamletea sahani. Akamletea soda. Hakusema kitu.

Njia nzima ya kurudi Nakivale, hakusema kitu.

Kesho yake Mariette alifika barazani mapema akageuza meza. Ndiyo, aliigeuza! Akahamisha na cherehani yake, akakaa amempa Emery mgongo, akatazama ukuta. Kama mwanaume anaweza kukiri mambo kama yale Mbarara na akifika Misiera anarudia kuwa bubu, basi na atazame kisogo. Wiki nzima alishona namna hiyo, shingo imemkakamaa kwa hasira, na nyuma yake hakusikia hata trrrrr. Siku ya Ijumaa akageuka kidogo tu, kwa kuiba, akakuta kiti cha Emery kitupu. Muuza mkaa akasema alimwona akipanda gari la Mbarara. Mariette alirudi nyumbani akala ugali baridi bila mboga, akamwambia mama yake kwamba wanaume wote wa Kalehe wamekwisha.

Jumamosi asubuhi gari la jeshi likaingia Kashojwa.

Lilikuwa pikapu ya kijani, na lilikwenda polepole, likisimama kila nyumba kuulizia nyumba ya fundi Mariette. Habari zikafika kabla ya gari. Mama Bernardine akadondosha mwiko. Huko Kongo alikotoka, Fizi, askari akiulizia nyumba yako huwa hungoji kumsikiliza.

"Ingia chini ya kitanda!"

"Mama, ni ba jeshi ya hapa. Ni ile marinda." Mariette alijua, alijua kabisa! Sketi imepasuka. Imempasukia mke wa mkubwa fulani, hadharani, kwa nyuma, na mshono ni wa kwake. Akanyakua sindano, uzi wa bluu na mkasi, akatoka nje mbio kichwa wazi. "Iko wapi yenye ilipasuka? Leteni nishone sasa hivi!"

Sajenti Nasani alikuwa amesimama mlangoni, magwanda yamepigwa pasi, buti zinang'aa. Hakuangalia sindano. Alivua kofia.

"Hodi, mama ya hapa," akamwambia Mama Bernardine, aliyekuwa amejificha nusu nyuma ya pazia. "Sisi ni watu ya Emery. Tumeona ua katika hii nyumba, tumekuja kubisha hodi."

Nyuma yake alishuka Kobusingye ndani ya ile sketi yenye marinda, kreti ya soda mikononi. Nyuma ya Kobusingye walishuka wanawake wa kambini, mmoja na kuku, mmoja na ndizi. Na nyuma kabisa, ndani ya suruali mpya, ameinamisha kichwa, Emery. Hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na haki, maana mposaji hasemi. Wanaosema ni watu wake.

Mama Bernardine akatoka nyuma ya pazia, na uoga wote ukamgeukia kuwa kiburi. "Batu ya Emery? Yeye ni mutu ya Kalehe, weye ni Munyankole. Hiyo undugu ni ya wapi?"

"Ya harusi ya mtoto yangu," akajibu Kobusingye. "Alitushonea nguo, alikula na sisi, jana amelala kwetu. Amelia kwetu, bambi! Unataka ndugu gani tena?"

Mama Bernardine alimtazama kijana juu mpaka chini. Kisha akapaza sauti waitwe wajomba. Wajomba hawakuwa mbali. Walikuwa nyuma ya ua, wanachungulia. Modeste akaja na kiti chake, Pontien na kiti chake, mpiga ngoma akakaa juu ya ndoo. Wakauliza yote yanayoulizwa, Sajenti akajibu kifupi kama anayejibu mkubwa wake, mpaka likafika lile ambalo bila hilo hakuna kinachoendelea.

"Mariette," akasema mama yake. "Hawa batu unabajua? Tukunywe kinywaji yabo, ao barudi nayo?"

Mariette alikuwa amesimama katikati ya ua, sindano bado mkononi. Na aliazimia kunyamaza. Alimngoja miaka miwili, akalishwa mkasi na mvua na mkaa. Sasa na yeye angoje, aonje utamu wake! Atanyamaza mpaka adhuhuri. Atanyamaza mpaka kuku atage. Akainua macho amwone anavyoteseka, na Emery alikuwa anamtazama, uso kwa uso, jasho linamtiririka, ameshika suruali yake mpya kwa ngumi mbili kama mtoto anayengoja sindano.

Adhuhuri haikufika. Hata pumzi ya pili haikufika.

"Mukunywe!" Mariette akapiga kelele. "Mukunywe bote! Munangoja nini?" Akachomoa chupa kwenye kreti, akaing'oa kizibo kwa meno, soda ikaruka juu ikaloesha buti za Sajenti, na vigelegele vya wanawake wa kambini vikasikika mpaka Base Camp, kwenye ofisi kuu za makazi.

Sasa hapo Emery alipaswa kuendelea kukaa kimya. Wajomba walikuwa bado na maneno yao, Sajenti alikuwa na shukrani za kutoa, kila kitu kina zamu yake. Emery akasimama. Akafungua kinywa. Akasema kwamba siku ya kwanza kabisa Mariette alikuwa amevaa blauzi nyekundu yenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Akasema kwamba anajua nyimbo zake zote za kushonea, na ile anayoikosea. Akaeleza habari za pasi, na kwamba mkaa siku ile haukuwa unaisha, ulikuwa umejaa. Mjomba Modeste akakohoa, akamwambia, kijana, leo si zamu yako. Emery akamwambia ndiyo, mujomba, akaendelea.

Mariette alikaa chini kwenye majani, chupa mapajani, akamsikiliza. Soda zikaisha, kuku akachinjwa, akaiva, akaliwa, na Emery alikuwa bado anasema.